PCOS: namna ya kupangilia dawa, chakula na mazoezi

Wanawake wengi wanaoambiwa wana PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga upevukaji wa yai na hedhi, hutoka kwa daktari na vitu viwili: karatasi ya dawa na agizo la kupunguza uzito. Dawa yenyewe ni ya nini hawajui vizuri, uzito upungue kiasi gani hawakuelezwa, na miezi mitatu baadaye mizani ikigoma wanakata tamaa na kuacha vyote kwa pamoja. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu hali hii inadhibitika. Haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini karibu kila kero yake ina njia yake. Hedhi iliyopotea inatibiwa kivyake, ndevu kivyake, na mimba iliyochelewa kivyake. Mambo huenda kombo pale mtu anapomeza dawa ya kero moja huku akisubiri matokeo ya nyingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba PCOS huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajajua kama wanayo. Kwa hiyo ukishaambiwa, tayari una nafasi ambayo wengine hawajaipata.

Kinachoendelea mwilini

Vile vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 2 hadi 9. Havihitaji kuondolewa, na anayekuahidi dawa ya kuviyeyusha anataka pesa yako.

Kwa wanawake wengi mzizi uko kwenye insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Misuli na ini vikiwa vizito kuitikia insulini (ndio usugu wa insulini), kongosho huzalisha nyingi zaidi ili sukari isipande kwenye damu. Lakini ovari bado zinaitikia vizuri tu, na insulini hiyo ya ziada huzichochea zitoe testosteroni, homoni iliyo nyingi zaidi kwa wanaume, kupita kawaida. Wakati huohuo ini hupunguza ile protini inayoishikilia testosteroni ndani ya damu, hivyo kiasi kikubwa hubaki huru. Testosteroni iliyo huru ndiyo inayootesha nywele kidevuni, inayoleta chunusi za taya na mgongo, na inayochangia yai lisikomae. Na yai lisipopevuka, mwili hautoi projesteroni, homoni inayodhibiti ukuta wa mfuko wa uzazi. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kudondoka kama hedhi.

Ukiuelewa mnyororo huu, utaona chakula na mazoezi vinaingia wapi. Vinagusa insulini, ambayo iko karibu na mwanzo wa mnyororo. Si adhabu ya unene. Wapo wanawake wembamba wenye PCOS na usugu wa insulini, na wao pia hatua hizi zinawahusu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni PCOS kweli

Utaratibu unaotumika ulianzia kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam mwaka 2003. Mtu mzima anahitaji kuwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili za testosteroni nyingi, iwe kwa kuonekana au kwa kipimo cha damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeruhusu pia kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotolewa na vifuko vya mayai, badala ya ultrasaundi. Kama hedhi yako imevurugika na una ndevu zinazoonekana, mambo mawili yameshatimia, huna haja ya kuhangaika na picha.

Kwa binti ambaye hajamaliza miaka 8 tangu avunje ungo, ultrasaundi na AMH havitumiki kabisa. Ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida, na wasichana wengi hupewa jina la ugonjwa wasiokuwa nao. Kwao lazima hedhi iwe imevurugika na dalili za testosteroni ziwepo, vyote viwili.

Kabla ya kukubali jibu, uliza kama yamepimwa yale yanayofanana na PCOS: ujauzito, tezi ya shingo, homoni ya prolaktini, na ile hali ya kurithi ya tezi za juu ya figo ambayo hupimwa kwa 17-hidroksiprojesteroni. Mtu mwenye tatizo la tezi ya shingo akitibiwa PCOS atahangaika miaka. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango mwambie daktari, maana vinabadilisha majibu ya testosteroni.

Nywele zikiota kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, au kinembe kikakua, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda sasa. PCOS huja polepole; kasi ya namna hiyo inahitaji kuchunguzwa kama kuna uvimbe unaotoa homoni.

Siku hiyohiyo omba na vipimo vya kuanzia: shinikizo la damu, mafuta kwenye damu, na sukari. Kwa sukari, kipimo bora ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana nzuri huku mwili ukishindwa kuimudu baada ya mlo. Jiangalie pia nyuma ya shingo na kwapani. Ngozi iliyogeuka nyeusi, nene kidogo, laini kama mahameli, ambayo haitoki hata ukiisugua, ni dalili kwamba insulini iko juu. Acha kuisugua. Inafifia insulini inaposhuka.

Hatua ya 2: Andika tarehe

Hiki ndicho kipimo chako cha nyumbani, na nakithamini kuliko mizani. Mzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Damu ikianza tarehe 3 Machi na ikaanza tena tarehe 19 Aprili, mzunguko huo ni wa siku 47. Kwa mtu mzima, mizunguko ya zaidi ya siku 35 au chini ya siku 21, au hedhi chini ya 8 kwa mwaka, inahesabiwa kuwa imevurugika.

Andika tarehe, siku damu ilizodumu, na kama ilikuwa ya matone au nyingi. Mizunguko ya siku 70 ikishuka kuwa 50, kisha 40, matibabu yanafanya kazi hata kama nguo zako ni zilezile. Ukiwa kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, elewa kwamba damu inayokuja kila mwezi inaletwa na vidonge. Haikuambii kama yai linapevuka.

Hatua ya 3: Amua unataka nini sasa hivi, ndipo uchague dawa

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Ukiingia kwa daktari na sentensi moja, kwa mfano, "Nataka kushika mimba mwaka huu" au "Sitaki mtoto kwa sasa, kinachonitesa ni ndevu," mazungumzo yote yanabadilika.

*Kama shida ni hedhi.* Hata kama hujali kukosa hedhi, mfuko wa uzazi unajali. Ukuta unaonenepa mwezi baada ya mwezi bila projesteroni unaweza, kwa miaka, kubadilika vibaya. Hatari ya saratani ya ukuta huo ni kubwa zaidi kwa wenye PCOS, ingawa bado ni wachache wanaoipata. Lengo la chini ni kuona damu angalau mara 4 kwa mwaka. Zikipita siku 90 bila damu, pima mimba, kisha mwone daktari. Anaweza kukupa projesteroni ya vidonge, kwa mfano medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku 10 hadi 14; damu hutoka siku chache baada ya kumaliza. Njia nyingine ni kitanzi chenye homoni, ambacho kinaulinda ukuta hata kama huoni damu.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinapanga hedhi, vinalinda ukuta na vinapunguza testosteroni huru kwa pamoja, ndiyo maana hupewa kipaumbele kwa asiyetaka mimba. Havimfanyi mtu tasa. Lakini si vya kila mtu. Usivitumie kama umewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, kama una presha ya juu, kama unavuta sigara na umefika miaka 35, au kama una kipandauso kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni. Mweleze daktari mambo haya hata asipouliza.

*Kama shida ni nywele na chunusi.* Hapa uvumilivu ndio nusu ya dawa. Unywele unaouona leo ulishaanza safari yake zamani, kwa hiyo hakuna dawa ya homoni inayoweza kuhukumiwa kabla ya miezi 6. Kwa kawaida huanzwa vidonge vya uzazi wa mpango. Visipotosha baada ya muda huo, daktari anaweza kuongeza spironolaktoni, dawa inayozuia testosteroni kufanya kazi. Dawa hii haitumiwi bila njia ya uhakika ya kuzuia mimba, kwa sababu inaweza kuvuruga ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Wakati unasubiri, nyoa ukitaka. Kunyoa hakufanyi nywele ziwe nene wala nyingi. Leza husaidia zaidi kwenye nywele nyeusi, ila mwenye ngozi nyeusi amtafute mtaalamu mwenye mashine inayofaa ngozi hiyo, la sivyo ataungua.

*Kama shida ni sukari na insulini.* Hapa ndipo metformini inapoingia. Inaufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi, na kwa baadhi inarudisha hedhi. Kwa ndevu haifanyi mengi. Anayeinywa kwa ajili hiyo atavunjika moyo bure.

Wengi huiacha wiki ya kwanza kwa sababu ya tumbo, na mara nyingi tatizo huwa ni namna walivyoianza. Muulize daktari kama unaweza kuipandisha hivi: kidonge kimoja cha miligramu 500 katikati ya mlo wa jioni, yaani umeshakula nusu ya sahani, unameza, unaendelea kula. Unakaa hapo wiki moja au mbili. Tumbo likitulia, unaongeza kingine katikati ya mlo wa asubuhi. Likichafuka, unarudi kwenye kiwango cha nyuma, unasubiri, kisha unajaribu tena. Kwa mtu mzima dozi haizidi gramu 2.5 kwa siku, na kwa msichana gramu 2, lakini wengi hupata nafuu chini ya hapo. Kuharisha kukigoma kuisha, ulizia vidonge vinavyoachia dawa polepole. Huwa vinavumilika zaidi. Ukiitumia kwa miaka, pima vitamini B12, hasa ukianza kuhisi ganzi au kuchomachoma miguuni. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema. Na ukitapika au kuharisha sana hadi mwili unakauka, isimamishe na uwasiliane na daktari.

Jambo moja linalosahaulika: hedhi ikirudi, uwezo wa kushika mimba umerudi nayo, tena yai huweza kupevuka kabla hata hujaiona damu. Kama hutaki mimba, panga uzazi tangu kidonge cha kwanza. Hali ni hiyohiyo kwa sindano za kupunguza uzito kama semaglutidi, ambayo pia inapaswa kuachwa angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mtoto.

*Kama unataka mtoto.* Dawa ya kwanza ya kupevusha yai siku hizi ni letrozoli. Inamezwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, kwa uangalizi wa daktari. Usishtuke ukisoma karatasi yake na kukuta saratani ya matiti. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua mtoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni, dawa ya zamani zaidi ya kupevusha yai. Kabla ya kuanza, mume apime mbegu. Nasisitiza hili kwa sababu mwanamke huweza kumeza dawa mwaka mzima huku sababu iko upande wa pili wa kitanda. Anza na asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hata kabla ya mimba. Ukiwa na kisukari au uzito mkubwa, uliza kama unahitaji kiwango cha juu.

Kuhusu inositoli, kirutubisho kinachouzwa sana: haina madhara makubwa, lakini ushahidi wake bado ni dhaifu. Ukipenda kuijaribu, isichukue nafasi ya dawa uliyoandikiwa.

Hatua ya 4: Panga sahani

Hakuna lishe moja iliyothibitika kuwa bora kuliko nyingine zote kwa PCOS. Nasema hivi nikijua wangapi wameacha maziwa, ngano, matunda na wanga wote kwa wiki tatu, wakarudi walikotoka wakiwa wamechoka. Lishe nzuri ni ile utakayoweza kuila mwaka ujao.

Anza na sahani uliyonayo. Nusu iwe mboga zisizo na wanga, robo protini kama samaki, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi au jamii ya kunde, na robo iliyobaki ndiyo ya wanga, ikiwezekana nafaka isiyokobolewa. Kisha badili mpangilio wa kula: tangulia na mboga na protini, wanga uje mwishoni. Kwa mpangilio huo sukari ya damu baada ya mlo haipandi sana kama kawaida, na hujapunguza hata kijiko. Vinywaji vyenye sukari ndivyo vya kwanza kuondoka, na juisi ya matunda imo. Tunda lenyewe kula. Nyuzinyuzi zake zinachelewesha sukari.

Kama uzito wako uko juu, lengo la kwanza liwe asilimia 5 hadi 10. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo 4.5 hadi 9. Kiasi hicho mara nyingi kinatosha kuibadilisha hedhi. Kama wewe ni mwembamba, usijinyime. Pangilia sahani tu, kwa sababu njaa kali nayo hukata hedhi.

Ukijikuta unajinyima mchana kisha unakula bila kujizuia usiku, ukimaliza unajichukia, mweleze daktari. Matatizo ya kula ni mengi zaidi kwa wenye PCOS, na kupewa lishe kali zaidi huyaongeza.

Hatua ya 5: Itumikishe misuli

Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari bila kutegemea insulini sana, na baada ya zoezi huendelea kuitikia insulini vizuri kwa siku moja hadi mbili hivi. Kwa hiyo usiruhusu siku mbili zipite bila kufanya chochote. Dakika 30 mara tano kwa wiki zina faida kuliko Jumamosi moja ya kujiua.

Kiwango cha mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anayelenga kupunguza uzito ajitahidi kufika 250. Ongeza na mazoezi ya nguvu siku mbili zisizofuatana: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta kwa mikono kisha sakafu utakapoweza, kunyanyua kitu kizito. Mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Wanawake wengi huogopa kwamba watajaa misuli kwa sababu ya testosteroni. Hutajaa kwa kiasi hicho cha mazoezi. Utaongeza mahali pa kuhifadhia sukari.

Kama leo hufanyi lolote, anza na dakika 10 hadi 15 za kutembea baada ya mlo mkubwa wa siku. Hilo tu, wiki mbili. Insulini inaweza kushuka na hedhi ikajirekebisha hata uzito usipobadilika, kwa hiyo usiache kwa sababu ya mizani.

Hatua ya 6: Usingizi na moyo

Ukikoroma sana na kuamka umechoka kila siku, omba uchunguzwe kama pumzi inakatika usingizini. Huzuni na wasiwasi pia huwaandama wenye PCOS kuliko wanawake wengine. Si udhaifu wako, na vinatibika. Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chochote, litaje hilo kliniki kwa uzito uleule unaoutajia hedhi.

Hatua ya 7: Rudi upimwe, na ukishika mimba sema mapema

Badilisha jambo moja au mawili kwa wakati, subiri miezi 3 hadi 6, kisha rudi na tarehe zako. Presha ipimwe kila mwaka. Sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na hatari yako, hata kama dalili zote zimetulia.

Siku kipimo cha mimba kikisoma ndiyo, usisubiri tumbo lionekane. Sema kliniki una PCOS, taja kila dawa unayotumia. Spironolaktoni na sindano za uzito zinasimama mara moja, metformini ataamua daktari. Omba kipimo cha glukosi mapema, na kirudiwe wiki ya 24 hadi 28, kwa sababu kisukari cha mimba na presha ya mimba ni vya kutegemewa zaidi kwako. Baada ya kujifungua, zungumza kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, hata kama mimba hii ilichukua miaka kupatikana. Inayofuata inaweza isichukue muda huo.